Wasiwasi na Uchangamfu Katika Siku za Dhiki

Wasiwasi ni hesabu ya jambo ambalo bado halijatokea. Anayemkuta nyoka mlangoni ana hofu, na hofu hiyo huisha nyoka akiuawa au akitokomea majanini. Anayelala macho akijiuliza itakuwaje mwenye nyumba atakapokuja kudai kodi ya miezi sita, huyo ana wasiwasi, wala hakuna fimbo ya kuupiga. Kinachomsumbua kiko mbele, hakina umbo, na kila akikipigia hesabu upya hupata jibu baya kuliko la jana.

Si kila wasiwasi ni adui. Mkulima anayezitilia shaka mvua za vuli akanunua mbegu za muda mfupi ameutumia vizuri. Mzazi anayeanza kuiwaza ada mwezi wa tisa, akatenga kidogo kidogo hadi Januari, naye kadhalika. Wasiwasi wa namna hiyo hufika kwenye tendo ukakoma. Unaodhuru ni ule unaozunguka palepale, swali lilelile saa nane za usiku, bila jibu wala hatua. Siku za dhiki huuzalisha kwa wingi, maana matatizo huja kwa mkupuo, na karibu yote hayana la kufanywa usiku ule.

Mwili hautofautishi sana kati ya simba na deni. Ubongo ukishahisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini: moyo hudunda, misuli hukaza, tumbo huacha kusaga chakula. Baadaye hufuata kotisoli, homoni inayopandisha sukari ya damu na kuuweka mwili katika tahadhari kwa muda mrefu zaidi. Robert Sapolsky, mwanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Stanford aliyeanza kuwachunguza nyani wa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1970, aliieleza hali hii katika kitabu chake cha 1994 kwa mfano wa punda milia. Mnyama huyo akimponyoka simba, muda si mrefu amerudi kula majani, na mitambo yote ya hatari imezimwa. Binadamu hukimbizwa na simba huyohuyo kwa miezi, akiwa amelala kitandani. Mitambo isiyozimwa ndiyo inayoharibu: shinikizo la damu hupanda, kinga hudhoofika, usingizi hukatika. Watu wengi wanaofika zahanati wakilalamikia kichwa, mgongo, tumbo kujaa au moyo kwenda mbio wamebeba mzigo wa aina hii. Vipimo vya malaria hutoka safi, wanapewa dawa ya maumivu, wanarudi nyumbani kwenye mambo yaleyale.

Akili nayo hulipa. Mwaka 2013 watafiti, wakiwemo Anandi Mani, Sendhil Mullainathan na Eldar Shafir, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wakulima wadogo 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Wakulima hao hulipwa wakati wa mavuno, hivyo kila mwaka hupitia msimu wa ukata na msimu wa nafuu. Walipopewa majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, walifanya vibaya kuliko walivyofanya baada ya kulipwa. Watu ni walewale, vichwa ni vilevile. Kilichobadilika ni kwamba kabla ya mavuno sehemu ya akili ilikuwa imekaliwa na madeni. Matokeo hayo yanapaswa kuwanyamazisha wale wanaosema mtu huwa maskini kwa sababu hapangi mambo yake. Mara nyingi hapangi kwa sababu nafasi ya kupangia imejaa.

Hapo ndipo swali la kukabiliana na wasiwasi linapopaswa kuanzia, ingawa vitabu vingi vya kujiliwaza hupenda kuanzia kwenye mtazamo wa mtu na kumwachia yeye lawama zote. Katika eneo la Rarieda, kaunti ya Siaya nchini Kenya, shirika la GiveDirectly liligawa fedha taslimu kwa kaya maskini bila masharti, na Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro wakapima kilichotokea. Ripoti yao ya 2016 ilionyesha kwamba kaya zilizopata fedha zilikula vizuri zaidi na watu wake waliridhika zaidi na maisha yao. Waliopata kiasi kikubwa walikuwa hata na kotisoli ya chini mwilini. Uchunguzi mwingine ulifanyika vijijini katika kaunti ya Nakuru. Huko baadhi ya watu walipewa fedha, wengine mafunzo ya wiki tano ya kukabiliana na msongo yaliyotungwa na Shirika la Afya Duniani, wengine vyote viwili. Mwaka mmoja baadaye fedha zilikuwa zimeacha alama katika matumizi na katika hali ya moyo. Mafunzo peke yake hayakuacha alama iliyopimika.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kusema dawa ya wasiwasi ni pesa. Lakini mafunzo hayohayo yalipotolewa Dagoretti, Nairobi, kwa wanawake waliokuwa tayari wameelemewa, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia, yaliwasaidia kwa kiasi, kama ripoti ya 2017 ilivyoonyesha. Tofauti kubwa iko kwa walengwa. Huko Nakuru yalipewa kijiji, wenye shida ya moyo na wasio nayo. Dagoretti yalipewa waliozidiwa. Anayekosa unga anahitaji unga. Aliyefika mahali ambapo hata akiupata unga hawezi kuinuka kuusonga, huyo anahitaji mtu.

Mbinu ambayo kila mtu huijaribu kwanza ni kujikataza, na ndiyo isiyofaa. "Usiwaze, achana nayo" ni maneno ya upendo, lakini ubongo hautii amri ya aina hiyo. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake walichapisha jaribio ambalo wanafunzi walitakiwa wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele zililia. Walipopewa ruhusa ya kumfikiria, waliokatazwa kwanza walimfikiria zaidi ya wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Wazo linalolindwa mlangoni lisiingie humtaka mlinzi alikumbuke kila wakati.

Kinachofanya kazi vizuri zaidi ni kuupa wasiwasi saa yake. Thomas Borkovec wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania na wenzake walieleza mwaka 1983 utaratibu ambao mtu hutenga nusu saa kila siku, mahali palepale, kwa ajili ya kuwaza matatizo tu. Wazo likija saa nyingine huambiwa lisubiri. Saa ikifika, lililosubiri hukabiliwa. Waliofuata utaratibu huo waliripoti kupungukiwa na muda wa wasiwasi kwa siku. Ubora wake ni kwamba haumdanganyi mtu kuwa hana tatizo. Faida huongezeka akiwa na daftari, kwa kuwa matatizo yaliyoandikwa hupata idadi, na kichwani usiku huonekana hayana idadi. Deni la duka, ada ya muhula, mama mgonjwa, kibarua kinachoyumba: manne. Moja lina hatua ya kesho asubuhi, kwenda kuomba kulipa ada kwa awamu. Jingine halina hatua yoyote wiki hii. Mambo ya aina hizi mbili yakiachwa yachanganyike kichwani, lisilo na hatua humla mtu nguvu za kulishughulikia lenye hatua.

Mgawanyo huo ni wa kale. Epiktetosi, mwanafalsafa aliyezaliwa mtumwa katika dola ya Kirumi karne ya kwanza, aliufanya msingi wa mafundisho yake: kuna yaliyo mikononi mwa mtu na yasiyokuwa. Waislamu huufahamu kupitia Hadithi ya bedui aliyeelekezwa amfunge kwanza ngamia wake ndipo amtegemee Mungu. Mpangilio wa Hadithi hiyo husahauliwa na wengi wanaoitaja, kamba hutangulia. Mafundisho ya Yesu juu ya kutoisumbukia kesho, katika Injili ya Mathayo sura ya sita, nayo hayajawahi kuwazuia wakulima Wakristo kupanda kwa msimu. Mbali na mafundisho, dini huupa wasiwasi kile ambacho Borkovec aliutafutia maabara: saa maalumu. Swala tano, rozari ya jioni, kesha la Ijumaa, dua baada ya alfajiri, zote ni nyakati ambazo shida hutajwa kwa sauti, hukabidhiwa, na mtu huinuka. Pia humkutanisha na watu wanaoweza kugundua kwamba wiki hii hakuonekana. Dini huumiza pale tu inapomwambia mwenye wasiwasi kwamba ana imani haba, maana humwongezea la tano juu ya yale manne.

Nafuu kubwa zaidi hutoka kwa watu wengine, na mfano wenye ushahidi mwingi barani Afrika uko Harare. Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, alianza mwaka 2006 katika kitongoji cha Mbare akiwa na kina bibi 14 na hana majengo. Nchi nzima ilikuwa na madaktari wachache mno wa fani yake. Bibi alifundishwa kuketi na mgonjwa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki, kumsikiliza hadi mwisho, kisha kumsaidia achague tatizo moja kati ya yote na hatua moja inayowezekana. Kazi ya kuchagua humbakia mgonjwa mwenyewe. Jaribio lililofanyika katika kliniki 24 za Harare kwa watu 573 lilichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliokuwa na dalili za sonona walikuwa takribani 14 kati ya kila 100 miongoni mwa walioketi bencheni, na 50 kati ya kila 100 miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umeshafika Malawi na Zanzibar. Bibi hakuwa na fedha za kumpa mtu. Alikuwa na umri, muda, na sifa ya kutoenda kuyatangaza sokoni aliyoyasikia.

Kwa jamii za Afrika Mashariki jambo hilo si geni sana. Matanga ni taasisi ya kumzuia mtu asibaki peke yake na wazo moja: jamvi hutandikwa, watu hulala hapo, wanawake hupika, na mfiwa hana nafasi ya kujifungia. Upatu, chama na vikoba hufanya upande wa fedha. Vikoba vingi huwa na mfuko wa jamii, kando ya hisa, unaotoa msaada mwanachama akiuguliwa au kufiwa, na kujua tu kwamba mfuko huo upo hupunguza hesabu za usiku. Hata hivyo kikundi hakipaswi kusifiwa kupita kiasi. Mwanachama anayeshindwa kurejesha huanza kuwakwepa wenzake, na anayekopa mahali pengine ili alipe kikundi huishia kwenye mikopo ambayo mitaa ya Tanzania imeipa jina la kausha damu, yenye riba na vitisho vinavyolingana na jina. Hapo chombo cha kupunguza wasiwasi kimegeuka kiwanda chake. Kwa wengi, hatua ya kwanza ya maana ni kukusanya madeni yote kwenye karatasi moja na kumwendea mdai kabla hajaja. Wadai wengi wa mtaani, mwenye duka na mwenye nyumba, hukubali kuongea na anayejitokeza kuliko anayezima simu.

Uchangamfu ni habari nyingine, ingawa huchanganywa na kutokuwa na wasiwasi. Mtu anaweza kuwa na madeni manne na bado akachekesha baraza zima. Tanzania ya kati ya 1979 na 1985 ni darasa zuri. Vita na Uganda ya Idi Amin vilikuwa vimekula hazina, bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani, na Mwalimu Nyerere akawataka wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, miezi ambayo ilizaa miaka. Sukari, sabuni na mafuta ya kupikia vilipatikana kwa foleni au kwa magendo. Watu walifulia majani ya mpapai na kuvaa katambuga zilizokatwa kwenye matairi. Mahindi ya manjano ya msaada yalipoingia, unga wake uliitwa wa Yanga, kwa rangi ya jezi, na mashabiki wa Simba walilazimika kuula nao. Mzaha huo haukuongeza kilo moja ya unga. Uliwaweka watu wote katika foleni moja, na kumpa kila mmoja neno la kumwambia jirani badala ya kuona haya. Njaa inayofichwa humtenga mwenye nayo. Ikishapewa jina la utani huwa ya mtaa.

Desturi hiyo haijafa. Wakenya huuita mwezi wa kwanza Njaanuari, wakati karo imekutana na mifuko iliyokaushwa na Desemba. Watanzania, mzunguko wa fedha ulipobana baada ya 2015, walisema vyuma vimekaza, na msemo ukaenea kutoka vijiweni hadi magazetini.

Kuna utaratibu wa zamani zaidi unaoupa mzaha kazi rasmi. Utani kati ya makabila, kama ule wa Wahehe na Wangoni waliopigana vita vikali karne ya 19, humruhusu mtani kusema lisilosemeka. Msibani ndiye anayechimba kaburi au kuhangaika na shughuli nyingine, na ndiye anayeweza kumwigiza marehemu mwendo wake, kulala njiani jeneza lisipite hadi apewe chochote, kumwambia mjane neno litakalomfanya acheke akiwa bado analia. Mgeni akiliona jambo hilo hushtuka. Wenyewe wanajua kwamba kicheko kile kimeruhusiwa kwa sababu kila mtu amekubali kuwa msiba upo. Hakuna aliyeambiwa asilie.

Mwili pia huchangia. Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake walionyesha kwamba watu waliocheka sana, hasa wakiwa pamoja, walivumilia maumivu zaidi baadaye, jambo walilolihusisha na endofini, kemikali za ubongo zinazotuliza maumivu. Kicheko cha adabu hakikutosha. Kilichofaa ni kile cha kushika mbavu. Kuimba kwaya, kucheza ngoma na kushangilia mpira kwa pamoja vimehusishwa na athari kama hiyo.

Lakini kicheko si ushahidi wa furaha, na ushahidi wa hilo uko mkoani Kagera. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru wa Tanganyika, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Hali ilienea hadi wanafunzi 95 kati ya 159. Mmoja alicheka kwa dakika, mwingine kwa saa, wengine vipindi vyao viliwarudia kwa siku hadi 16, wakichanganya na kulia na mahangaiko. Shule ilifungwa Machi 18. Wasichana waliporudishwa makwao hali ilijitokeza katika kijiji cha Nshamba, ambako watu 217 waliathirika, kisha katika shule nyingine. Madaktari walitafuta sumu na vimelea, wasione kitu. Waliolichunguza tukio hilo baadaye walielekea kwenye maelezo ya mkazo wa pamoja: watoto waliotengwa na makwao, nidhamu kali ya bweni, nchi iliyokuwa ikigeuka miguuni mwao. Dunia huisimulia habari hiyo kama kichekesho. Kwa waliokuwepo ilikuwa mateso, na ilikuwa namna pekee ambayo wasichana wasio na ruhusa ya kulalamika walilalamika.

Mtu mmoja mmoja naye anaweza kuwa na kicheko cha Kashasha. Baba anayechekesha kijiweni na kurudi nyumbani kimya, kijana wa kazini asiyewahi kuonekana amenuna, hawa hupitwa kwa urahisi kwa sababu wanaonekana wazima. Kumtaka mwenye dhiki achangamke kwa ajili ya wenzake, kama waajiri na hata baadhi ya wahubiri wanavyofanya, ni kumnyang'anya mlango wa kutokea. Uchangamfu unaodumu huja wenyewe pale palipo na watu, kazi ya mikono na ruhusa ya kusema ukweli.

Njia za mkato zinajulikana. Pombe huleta usingizi wa mwanzo na kuukata ule wa alfajiri. Miraa humwondolea mtu uchovu kwa saa chache, kisha humwacha macho usiku mzima pamoja na yaleyale aliyoyakimbia. Kubeti hudhuru zaidi wakati wa ukata, kwa kuwa huuza matumaini kwa mtu ambaye hesabu yake haimruhusu kupoteza hata mia tano. Simu kitandani huleta habari mbaya za dunia nzima kwa mtu asiyeweza kutatua hata za nyumba yake. Kinyume chake, kutembea kwa mwendo wa haraka, kulima, kufua, chochote kinachotoa jasho, huipa adrenalini kazi iliyoumbiwa, na kuamka saa ileile kila siku hurudisha usingizi taratibu. Haya hayahitaji maelezo marefu. Ugumu wake ni kuyatenda.

Kuna wasiwasi uliovuka mpaka wa haya yote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani waliishi na magonjwa ya wasiwasi. Moja ya alama wanazotumia madaktari ni muda: wasiwasi usiozuilika, karibu kila siku kwa miezi sita au zaidi, juu ya mambo mengi, pamoja na kukosa utulivu, uchovu, hasira za haraka, misuli kukaza au usingizi mbovu, kiasi cha kuvuruga kazi na nyumba. Alama nyingine ni kwamba hauondoki hata sababu ikiondoka: deni limelipwa, moyo bado unadunda. Anayeanza kuwaza kwamba heri afe hapaswi kusubiri miezi sita wala siku sita. Huduma hupatikana katika hospitali kuu kama Mirembe mjini Dodoma, Mathari mjini Nairobi na Kidongo Chekundu mjini Zanzibar, lakini pa kuanzia ni hospitali au kituo cha afya kilicho karibu, ambako pia huangaliwa kama tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi au damu imepungua, kwa maana hali hizo huiga dalili za wasiwasi. Matibabu ni mazungumzo ya utaratibu, dawa, au vyote viwili. Dawa nyingi zinazotumika huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, na wengi huziacha katika wiki hizo wakidhani zimeshindwa. Vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu, vinavyonunuliwa dukani bila cheti, hufanya kazi usiku uleule, na kwa sababu hiyohiyo humfunga mtumiaji: akivizoea, kuviacha ghafla huleta wasiwasi mkali kuliko ule aliouendea dukani.